Zuhura Alikuwa wa Mwisho

Naikumbuka siku moja, Mwende mwanangu, niliyomfanya mtoto wa miaka mitano aikatae shule. Nilikuwa na umri kama wako, na nilijiona mwalimu kweli kweli.

Mama yako, mdogo wangu, ameniambia unaondoka Kileleshwa wiki ijayo kwenda Malawi kufundisha chekechea kwa kujitolea, na kwamba begi limejaa karatasi za mtihani na nyota za kubandika. Nimecheka peke yangu hapa Mutuini hadi kuku wakashtuka. Begi hilo nalijua, nimewahi kulibeba.

Mimi nilipelekwa kijiji kimoja cha Singida, Tanzania. Kiswahili changu cha Riruta kiliwachekesha watoto kila asubuhi, nami nikacheka nao, na mambo yakaenda vizuri mwezi mzima. Kisha nikawapa mtihani. Nikapanga majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kama tulivyofanyiwa sisi Nairobi, nikabandika karatasi mlangoni na kuwaita wazazi waje kuona. Nilitarajia vigelegele! Zuhura alikuwa wa mwisho, na mama yake alilisoma jina hilo mbele ya watu. Kesho yake mtoto hakuja. Kesho kutwa pia.

Mwalimu mkuu, Bi Mwanaidi, mama mpole asiyepandisha sauti, aliniita pembeni.

"Mwalimu, hapa mtoto mdogo hatumshindanishi na mwenzie. Umemfukuza wewe, nenda kamrudishe wewe."

Niliona aibu, mwanangu, ile ya kutaka ardhi ipasuke uingie.

Nilimkuta Zuhura nyuma ya nyumba yao akilisha vifaranga.

"Zuhura, kwani haukuji shule?"

Alikuwa anahesabu. "Kumi na mbili, kumi na tatu... mmoja hayupo." Akaenda kumtoa chini ya pipa. Na mtihani wangu ulikuwa umeniambia mtoto huyu hajui kuhesabu hata kumi!

Kisha akanitazama. "Mwalimu, na wewe ulikuwa wa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikumbuka chekechea yangu ya Riruta, na jinsi nilivyojificha chini ya kitanda siku ya matokeo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejifanya kusahau.

"Wa mwisho," nikasema. "Nililia sana."

Alicheka hadi akashika tumbo. Akapangusa mikono kwenye gauni, akanishika kidole.

"Basi twende. Tutakaa wote."

Karatasi niliibandua watoto wote wakiona, na Zuhura akaenda nayo nyumbani kuwatandikia vifaranga. Tangu hapo hesabu tulijifunza kwa kuku wa majirani, na sijawahi kufurahia kazi namna ile.

Kwa hiyo hizo karatasi niachie mimi, nitawashia jiko. Ukifika, kaa chini na watoto, uwaulize wanajua nini kabla ya kuwapima kwa unachojua wewe. Ukikosea, na utakosea tu, usimtume mtu. Nenda mwenyewe hadi kwa huyo mtoto. Na akikuuliza ulikuwa wa ngapi, mwambie ukweli.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe watoto watundu na miguu ya kuwakimbiza. Uende salama, urudi salama, na ukirudi uje hapa Mutuini uniambie Zuhura wako anaitwa nani.