Nilimnywesha Mke Wangu Vitamini ya Ng'ombe

Kosa ni langu, na gharama yake nimeihesabu mara mbili: meno mawili ya mbele, ubavu mmoja, na mke. Ubavu umeunga. Meno nimezoea kukaa bila hayo. Kilichobaki ni mke, ndiyo sababu naandika.

Mimi ni mchuuzi wa vitunguu na karoti hapa Karatu. Mke wangu alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa. Upepo wa huku, vumbi na baridi ya asubuhi vilimchakaza uso, nikamwambia mbele ya wateja kwamba sasa anafanana na dada yangu mkubwa. Wateja wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya mnada nikakutana na mfugaji wa Soitsambu. Ng'ombe wa wenzake manyoya yalikuwa yamesimama kwa ukame. Wa kwake waling'aa kama wamepakwa samli.

"Umewapa nini?"

"Vitamini ya sindano. Inatengeneza ngozi."

Akanionyesha kichupa cha mafuta ya njano. Miaka hii sukari haionekani dukani, na mimi nilikuwa nayo kilo mbili. Alitaka zote. Nikampa moja na nusu, nikajiona mjanja.

"Kwani wewe una ng'ombe?"

"Ninaye mmoja," nikamjibu.

Nyumbani nikabandua kwenye kichupa karatasi yenye picha ya ng'ombe. Nikampima mke wangu kwenye mizani ya kahawa: kilo hamsini na mbili. Ng'ombe nikamkadiria mia tatu. Nikagawa, nikarudia kugawa, nikapata kijiko kimoja kidogo. Nikamwambia ni dawa ya ngozi ya hospitali, anywe na maziwa kila asubuhi.

Kugawa niligawa sawasawa. Ambacho sikuuliza ni siku ngapi. Ng'ombe huchomwa mara moja, akasubiri miezi. Mimi nilitoa kila siku, wiki nne.

Kichwa kikaanza kumuuma. Akatapika. Midomo ikapasuka, ngozi ya viganja ikabanduka kama maganda ya vitunguu vyangu. Nikamwambia ya zamani inatoka, mpya inakuja.

Asubuhi moja akagoma.

"Baba, hii dawa yako inaniua."

"Inaua uzee."

Akakipiga kijiko, mafuta yakamwagika. Nikambana ukutani kwa goti, nikamziba pua, nikampanua taya kama ndama anayenyweshwa dawa ya minyoo, nikamimina kijiko kingine. Akaning'ata kidole hadi mfupa. Nikampiga makofi mpaka akameza.

Nilivyorudi kutoka sokoni alikuwa ameshakwenda kwao Buger, na kichupa amekichukua.

Siku ya tatu kaka zake wawili wakanifuata sokoni na fimbo na kile kichupa. Huko kwao mganga wa zahanati alikuwa amemwita bwana mifugo, naye akakitambua kichupa. Wakaelezwa kwamba vitamini hiyo ikizidi inakaa kwenye ini na kuwa sumu. Ngozi ya mtu inatosheka na mchicha, papai na karoti. Karoti. Nilikuwa nimekalia magunia mawili.

"Shemeji," mkubwa akasema kwa upole, "dawa nzuri hanyimwi mwenye nyumba. Fungua kinywa."

"Ndugu zangu, tupatane. Natoa mbuzi."

"Mbuzi wawili," akasema mdogo, akanipasua mdomo kwa fimbo. Meno yakaanguka kwenye karoti. Mkubwa akanikalia, ubavu ukalia, wakanimiminia kichupa mpaka tone la mwisho. Watu walijaa kutazama. Hakuna aliyenunua hata kitunguu.

Mbuzi wawili nimewatoa, na kaka zake wamesema yamekwisha. Mke wangu amepona, uso wake umekaa vizuri bila msaada wangu. Lakini harudi. Nilimtuma mtu, akaja na jibu: "Aje mwenyewe, aseme mbele ya kaka zangu lile ambalo mimi sijalisema."

Habari ya goti na taya hakuwaambia. Wanajua nilimdanganya, hawajui nilimlazimisha. Na kwa uongo peke yake nimeng'olewa meno mawili.

Wenzangu, kama ngozi ya mkeo inakukera, mpelekee mchicha na ufunge mdomo. Ukimcheka leo, kesho utamshika taya.

Buger nitakwenda. Naomba ushauri wa jambo moja tu: nianze kumwomba yeye msamaha, au nianze kuwaambia kaka zake? Maana nikishawaambia, sina hakika kama nitaweza kuongea tena.