Mawe Mawili ya Kuingilia Bum

Mama yangu anaamini vita vimetuletea jambo moja jema: vimeua disko. Husema hivyo akichambua mchele, kwa sauti ya mtu anayetoa habari kwamba sukari imeshuka bei. Kuvrefe, amri ya kutotoka nje, ikianza saa kumi na mbili jioni, mtoto wa watu atakwenda kukatika kiuno wapi? Atalala. Mama hajui, au anajifanya hajui, kwamba usiku ulipokatazwa sisi tuliuhamishia mchana.

Bum ya Rumonge, yaani disko letu la mchana, huanza saa nane, jua bado kali. Madirisha yanafungwa, halafu yanatundikwa mablanketi ya kijivu, yale waliyogawiwa wakimbizi, ambayo siku hizi yanapatikana katika kila nyumba hata ya mtu ambaye hajawahi kukimbia hata mvua. Nje kuku wanachakura na mafuta ya mawese yanachemka kwa jirani. Ndani ni usiku wa manane. Nimewahi kumwona kijana mmoja akitoka kwenda chooni. Jua lilimpiga usoni, akatapatapa kama kipofu, akakalia beseni la muhogo uliolowekwa.

Nasema nimewahi kumwona. Nilimwona kutoka nje. Mimi kuingia bum sikuwahi, na kwa msichana wa miaka kumi na sita anayesoma lise, shule ya sekondari, hiyo ni aibu, ingawa hakuna aliyegundua, kwa kuwa mtu asiyesema kitu haulizwi alikuwa wapi.

Kwa yeyote atakayetaka kujaribu, nitaeleza vitu vya kubeba. Kwanza mawe mawili ya redio. Dukani wanaandika betri, lakini sisi tunasema mawe. Umeme mjini ulikatika tangu nguzo za njiani zilipoangushwa, na radiokaseti ya bum hula mawe sita kwa mkupuo, kwa hiyo hakuna anayeingia mikono mitupu. Pili, karte ya shule, ijapokuwa mlinzi wa mlango unamjua na yeye anakujua na mmekunywa uji wa kopo moja mkiwa wadogo. Tatu, kitambaa cheupe cha kufutia jasho. Ukikosa, wanasema umetoka porini. Usivae kandambili. Usije na chanuo la chuma, maana litakamatwa kama silaha. Na usifike mkiwa watatu, kwa sababu watu watatu, kwa jinsi tunavyohesabu sasa, ni kundi.

Jumamosi ninayoiandika nilikuwa na haja ya kuingia kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye ule mlango. Rafiki yangu alikuwa ndani. Tulikaa benchi moja tangu darasa la saba hadi familia yao ilipohamia Gitaza. Mama yake ni mtu wa Kivu, anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na alikuwa ameamua kuvuka kwenda Kigoma. "Kwetu kunawaka, hapa kunawaka," alikuwa akisema, "twende basi tukawaone wale wanaoishi bila kuwaka." Walikuwa wameshuka na kiminibasi wakafikia kwa binamu yao, ambaye nyumba yake ndiyo yenye bum, na boti lao lilikuwa la kesho alfajiri. Safari kama hizo hazitangazwi. Mama yake alimkataza kukanyaga nje ya lupango, ua wa binamu. Nami nilijua hayo kwa sababu alinitumia neno moja kupitia dada mmoja wa sokoni: njoo bum, tucheze ule wimbo wetu.

Wimbo wetu ni wimbo wa polepole wa kaseti ambao tuliufanyia mazoezi chumbani kwao mwaka mzima, mlango ukiwa umefungwa, tukiuimba wenyewe kwa mdomo kwa kuwa hatukuwa na redio.

Mawe nilipewa na mama mdogo, yule anayeanika ndagala ufukweni. Yalikuwa yamekwisha, alikuwa akiyatumia kukandamizia pembe za nailoni ya kuanikia isipeperushwe na upepo. "Chukua," alisema, "lakini uyaanike kwanza. Yatafufuka." Hili kila mtu wa pwani yetu analijua: jiwe likichoka unaliweka juani, linapata nguvu kidogo. Basi asubuhi nzima mawe yangu yalilala juu ya nailoni katikati ya ndagala, nayo yakageuzwa pamoja na ndagala, upande huu na upande ule, mpaka yakawa ya moto kama mayai ya kuchemsha. Nikayafunga ndani ya kitambaa changu cheupe nikaondoka.

Kwanza nilipita baryeri, kizuizi cha barabarani, ile ya kweli, yenye wanajeshi. Mmoja alikuwa amelala, na aliyekuwa macho alikuwa anamenya chungwa.

"Unaenda wapi?"

"Kwa rafiki."

"Haya."

Huo ndio uliokuwa ulinzi wa taifa. Nikafika kwenye mlango wa bum.

Pale palikuwa na kamba iliyofungwa vipande vya nailoni nyekundu, sawasawa na ya baryeri. Nyuma yake alisimama mlinzi wetu, sekirite, ambaye likizo yote alikuwa akiwachotea wanajeshi maji na kujifunza kazi. Alikuwa na kipenga na miwani myeusi. Miwani ile ilimtesa, maana mkononi alikuwa na balbu ndogo ya tochi na kipande cha waya cha kupimia mawe, na kila alipopima ilibidi aivue ili aone kama balbu imewaka, kisha aivae tena ili atishe.

"Simama hapo. Mikono juu. Unatoka wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Pale." Nyumba yetu ilikuwa inaonekana. Kanga ya mama ilikuwa kwenye kamba.

"Pale ni adresi? Leta karte."

Aliishika karte yangu mbali na uso, akaigeuza, akanitazama.

"Huyu si weye. Huyu wa mu picha anacheka."

"Ni mimi."

"Basi cheka."

Nyuma yangu palikuwa na foleni. Nilijaribu. Nadhani nilichotoa ni meno tu, bila kicheko nyuma yake, kwa sababu msichana mmoja kwenye foleni alisema, "Yesu wangu, mumuachie, iko anaumwa."

"Mawe," alisema sekirite.

Nilifungua kitambaa. Alivua miwani, akaunga waya. Balbu iliwaka, nyekundunyekundu, lakini iliwaka. Moyo wangu ulishaingia ndani ukabakia mwili tu. Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hata wanajeshi hawajafikiria: alinusa.

"Hii mawe ilitoka wapi?"

"Kwa mama mdogo."

"Iko na harufu ya ndagala."

"Ilikuwa... juani."

"Juani!" Alipaza sauti ili foleni nzima isikie. "Anatuletea mawe ya kuanika!"

Foleni nzima iliinamisha vichwa na kutazama vidole vya miguu. Niliona ni huruma, na nikawapenda kwa ajili hiyo.

"Humu ndani iko radiyo ya Japani," alisema. "Haikulaka samaki. Kaa pembeni."

"Tafadhali, kaka. Kuna mtu ndani. Mwambie tu kwamba niko hapa."

"Miye si posta."

Nilikaa pembeni, juu ya kinu kilichopinduliwa. Wengine waliingia mmoja mmoja: mikono juu, unatoka wapi, leta mawe, pita. Aliyekuwa amechana nywele kwa chuma alinyang'anywa chanuo. Muziki ulianza. Blanketi la dirishani lilikuwa linatikisika kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza nzi. Ningeweza kusimama chini ya dirisha na kumwita rafiki yangu kwa jina. Kila mtu angefanya hivyo. Niliandaa sauti, nikaisafisha koo yake, nikaimeza. Kutoka milimani ulisikika mlio mmoja wa bunduki, kisha mwingine, mbali. Sekirite alitega sikio, akapuuza kama mtu mwenye kazi nyingi, akaendelea kukagua viatu vya mtu.

Wimbo wetu ulianza, na mimi niko juu ya kinu.

Nilijua jinsi unavyokwenda: gitaa, halafu gitaa la pili, halafu mwanamume anaingia akilalamika. Safari hii mwanamume aliingia akilalamika taratibu zaidi. Kisha sauti yake ikanenepa. Kisha akawa anaimba kama mtu anayezama kisimani na hana haraka. Halafu kimya.

Mlango ulifunguliwa, na bum nzima ikatoka nje, watu wamefumba macho, wameshikana mabega, wanatoka jasho. Mwenye nyumba, yule binamu, alikuwa amebeba radiokaseti kifuani kama anapeleka mgonjwa dispansari.

"Nani alianika mawe?" aliuliza.

Watu walijipangusa jasho kwa vitambaa vyao vyeupe.

"Naulizaka! Nani alileta mawe ya kuanika?"

Alifungua mgongo wa redio, akatoa moja, akalinusa. Akatoa la pili. "Hii iko na harufu ya mawese." La tatu lilikuwa na unga wa muhogo. La nne lilikuwa na kinyesi cha njiwa, kwa hiyo lilikuwa limelala juu ya paa. Yote yalikuwa yameanikwa. Pale mlangoni yalikuwa bado ya moto, yakapita mtihani. Gizani yalipoa, yakafa pamoja. Aliyekuja na mawe mapya kutoka dukani hakuwepo hata mmoja.

"Na haya ya mwisho?"

"Ya sekirite," alisema mtu.

Sekirite alivaa miwani.

Basi wakaleta bati, wakalilaza katikati ya uwanja, wakapanga mawe yote juu yake, na mimi nikaitwa niongeze yangu, kwa kuwa sasa tulikuwa sawa. Tukakaa kulizunguka. Vijana wa Rumonge, wenye viatu vilivyong'arishwa na vitambaa vyeupe, wamekodolea macho bati. Kila baada ya muda sekirite aliyageuza mawe kwa kijiti, upande huu na upande ule. Nilitaka kumwambia kwamba mama mdogo hufanya kwa mkono, ni haraka zaidi.

Rafiki yangu alikuja akakaa karibu nami. Alikuwa amesukwa upya, kwa ajili ya safari.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo."

"Na hukuniita?"

"Ningekuitaje?"

"Kwa mdomo, dada. Watu wote wanatumiaka mdomo."

Tulicheka. Alisema Kigoma kuna umeme. Nikasema nimesikia. Akasema labda shule watamrudisha nyuma mwaka kwa sababu ya Kiingereza. Jua lilikuwa limeanza kulegea, na jua likilegea mawe hayafufuki. Kila mmoja pale uwanjani alilitazama, kisha akatazama barabara, akihesabu kimoyomoyo njia ya kurudi kwao kabla ya kuvrefe.

Mama wa rafiki yangu alitokea mlango wa jikoni, amefunga kitenge cha safari.

"Muko munalia matanga ya nani?"

"Ya mawe, mama," alisema mwenye nyumba.

Alisogea, akaona bati, akaona vijana walivyopangwa kulizunguka, akaona sekirite na kijiti chake. Mwanamke yule sikuwahi kumwona akicheka, hata kabla hawajahamia Gitaza. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akaingia ndani. Alirudi na tochi, ile ndefu ya mawe matatu, mapya, aliyonunua kwa ajili ya kuvuka.

"Wimbo moja," alisema. "Moja tu. Hii mwangaza ni ya mu ziwa, si ya kiuno."

Redio ikalishwa matatu yake na matatu yaliyokuwa ya moto zaidi juu ya bati. Mwenye nyumba alitaka turudi ndani gizani, mama yule akakataa. Mawe yake hayaendi mahali asipoyaona. Kwa hiyo wimbo wetu ulipigwa uwanjani, mchana kweupe.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa giza. Mwaka mzima nilifanya mazoezi ya kucheza mahali ambapo hakuna anayenitazama, na sasa palikuwa na jua, kuku, majirani wawili juu ya ua, na wote walioniona nikishindwa kucheka. Rafiki yangu alinyoosha mkono. Gitaa la kwanza likapita. Nilijua likipita la pili na yule mwanamume akaanza kulalamika, nitakuwa kama bado niko juu ya kile kinu hadi kesho, na kesho hatakuwepo. Nikainuka. Nilicheza vibaya. Nilimkanyaga mara nyingi, naye akanikanyaga, kwa sababu chumbani kwao palikuwa padogo na tulizoea kugeukia kitandani. Nyuma yetu sekirite alicheza peke yake, kipenga mdomoni, na kila alipopumua kwa nguvu kililia.

Wimbo ulipokwisha mama alichukua mawe yake, akayarudisha ndani ya tochi, akabonyeza. Juani hatukuweza kujua kama imewaka. Akaiziba kwa kiganja, bado.

"Mukuje," alisema.

Akatufunika na kitenge chake sote watatu. Ndani palikuwa giza, harufu ya moshi na ndagala, nyuso zetu zimekaribiana. Alibonyeza tena. Mwanga ulitoka mwembamba kidogo kuliko wa tochi mpya, lakini nilimwona rafiki yangu vizuri, mpaka jasho la juu ya mdomo wake.

"Iko," alisema mama. "Itafika."

"Uandike," rafiki yangu aliniambia.

"Nitaandika."

"Na ukifika mlangoni mwa watu, uite."

Nilisema ndiyo, kwa sauti, ndani ya kitenge. Kisha nikatoka, jua likanipiga usoni kama lilivyompiga yule kijana wa beseni. Nilikanyaga bati, mawe yakabingirika uwanja mzima, na sekirite akapuliza kipenga.