Kitenge cha Kilio

Harufu ya kitenge kipya kinapopigwa pasi, ile ya nta na rangi inayopanda na mvuke, hunirudisha kwenye chumba chetu cha mtaa wa Berea, huku kusini mwa Afrika, majuma yale darasa letu lilipojiandaa kutembelea mnara wa kumbukumbu ya Holokosti. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Bukavu. Yeye alikuwa fundi wa kushona, na mimi jengo zima liliniita Maswali. Mwalimu alitueleza kwamba Wayahudi mamilioni waliuawa Ulaya, koo nzima nzima, wengi wao kambini na bila kuzikwa, na kwamba mnara ulikuwa ndani ya makaburi ya Wayahudi. Tukaagizwa tusikimbie, tusile, tusikanyage makaburi, na tuandike maswali. Wenzangu waliandika mawili. Mimi niliandika kumi na moja, kwa namba, nikapiga mstari chini ya la tisa: kama waliouawa hawana makaburi, tunakwenda kutazama nini? Pembeni niliandika methali, kifo cha wengi ni harusi, nikaiwekea alama ya kuuliza.

Agizo la mwisho lilikuwa sare ya shule. Asiyevaa angebaki basini. Hapo mama aligoma. Kwetu mtu akifa, ukoo huvaa kitenge kimoja, ili anayekuja ajue wa kupewa pole ni nani. “Batu batasema nini, nikikutuma ku kilio na nguo ya masomo?” alisema, pini mdomoni. Nilimwambia kwamba mwalimu atanikataza. “Mwalimu anajua hesabu. Kilio, mimi ndiye najua. Mwacha mila ni mtumwa.” Na kwa kuwa hakuna mfiwa aliyetuletea kitambaa, akaamua tutapeleka sisi. Alinishonea gauni la samawati nzito lenye majani meupe, akakunja mita mbili zilizobaki: hizo za wafiwa.

Basini Sipho, jirani yangu wa dawati, alinitazama toka juu hadi chini. “Eish, nani anaoa leo?” Basi zima likacheka. Tulipofika, mwalimu aliniambia kwa upole, bila kunitazama, nibaki kitini. Niliwatazama wenzangu wakipangwa mstari, daftari likiwa mapajani. Aibu niliivumilia. Nilichohofia ni kwamba swali la tisa halingeulizwa.

Aliyekuja kutuongoza aliitwa Bi Lea, mama wa makamo ambaye mama yake alinusurika kambini. Alihesabu watoto, akachungulia basini. “Na huyu?” Mwalimu akaeleza habari ya sare. Bi Lea akapanda, akaniuliza kuhusu gauni, nami nikamweleza kama nilivyoelezwa na kumkabidhi kitambaa. Alikikunjua polepole.

“Hiki ni cha ukoo wangu wote?”

“Ndiyo, mem. Kikipungua mama ataongeza.”

“Hakitapungua. Kabla ya vita tungehitaji jora zima. Baada yake alibaki mama peke yake.”

Akajitanda kitenge mabegani, akamgeukia mwalimu. “Huyu amekuja msibani. Atatembea nami.”

Mbele ya mnara nikauliza la tisa. Alisema mama yake hakuwa na kaburi hata moja la ndugu zake la kuwekea jiwe, ndiyo sababu watu walijenga pale. Akaokota kokoto, akaiweka chini ya mnara, akanipa nyingine: kwao huacha jiwe, wala si maua, kuonyesha kwamba mtu amefika. Niliporudi basini nilifuta methali yangu. Kifo kile hakikuacha wa kuhudhuria harusi.

Juma lijalo binti yangu, mwenye umri wangu wa wakati ule, atakwenda na darasa lake kwenye jumba la kumbukumbu lililopo sasa jijini. Huelewa Kiswahili, ila hunijibu kwa Kiingereza. Maswali yangu yalisubiri majuma matatu; yake simu huyajibu papo hapo, na tayari anajua majina ya kambi niliyoyapata ukubwani, nikisoma peke yangu maktaba. Simlaumu, anajua mengi kuliko nilivyojua. Jana, nikipiga pasi sare yake, nilimsimulia haya, akaweka simu chini.

“Mama,” aliuliza, kwa Kiswahili, “yule bibi alifanya nini na ile nguo?”

Nilimwambia sijui, nikampa daftari. Akaliandika, swali namba moja.