Rundo la Kuni Lisilogongwa

Sikugonga. Miaka yote hii nimesema niligonga, na katikati ya uongo huo nimeandika makala kuhusu ukweli ambayo wasomaji waliisifu sana.

Jana jirani alishusha kuni za mkaratusi, na harufu yake ikanipeleka moja kwa moja nyuma ya jiko letu la Kasulu. Buibui weusi wenye sumu walipenda kuni zilizokaa. Kwa hiyo nyumbani kwetu ilikuwa desturi mdogo agonge rundo mara tatu kwa mpini wa jembe ili wakimbie, ndipo mkubwa aingize mkono kuvuta. Siku ile nilikuwa na ndizi mbivu mkononi na sikutaka kuiweka chini.

"Umegonga?" dada aliniuliza.

"Nimegonga dada, vuta!"

Aliumwa na buibui, akapiga yowe. Mkono ulivimba kama andazi, na kidole chake kimoja hakikunyooka tena. Mama aliponiuliza, niliapa. Akamgeukia dada: "Haraka zako hizo! Mwenzako kagonga, wewe umeshindwa kusubiri watoke?" Dada aliukumbatia mkono wake, akaingia ndani.

Jana jioni nilimpigia dada simu Kibondo, anakoishi na wajukuu wake. Nilikiri kwa sentensi ndefu, nzuri, nikitarajia msamaha unaolingana nazo.

"Nilikuona, mdogo wangu," alisema. "Ulikuwa unamenya ndizi."

"Sasa kwa nini uliingiza mkono?"

"Niliuingiza polepole, nikikungoja. Nilijua utanizuia."