Lundo Moja, Wadai Watatu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza, mwanangu. Nimeona mtu ameamka tajiri Jumatatu, Alhamisi anaomba anunuliwe soda. Duara, shimo letu la dhahabu, limeshanifukia nikiwa ndani. Walipomaliza kunichimbua nikajipangusa vumbi nikauliza chai iko wapi. Darasa la nne sikulimaliza, lakini leo nina makarasha mawili yanasaga mawe pale Kharumwa, na vijana wenye vyeti wananipigia simu kuomba kazi. Uliza mtu yeyote Baba Limi ni nani, atakuonyesha kwa kidole.

Ila siku moja nilishangaa, na naikumbuka mpaka harufu yake. Ni siku niliyomwona mzee akikataa hela.

Nikurudishe nyuma kidogo. Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili Ngokolo, mjini Shinyanga, mimi na Mama Limi na watoto watatu. Mwenye nyumba, Mzee Shija, alikuwa amestaafu kiwanda cha kuchambua pamba, na alitaka kuiuza ile nyumba arudi kijijini kwenye ng'ombe wake. Akatupenda, akatutajia milioni kumi na nne: sita mkononi, nane tumalizie kwa mwaka mmoja. Wewe unayepanga leo unajua bei hiyo ni zawadi.

Mama Limi alikuwa anauza mchele sokoni. Alikuwa na bahasha tatu chini ya godoro, moja ya chakula, moja ya ada, moja ya nyumba. Ile ya nyumba haikopwi, hata mtu akija analia. Haba na haba, ikafika milioni nne. Mimi nilitakiwa kuleta mbili tu. Nikamcheka. Nikamwambia hela za bahasha ni za wanawake, mwanaume analeta kwa gunia.

Na kweli gunia nilikuwa nalo. Kule machimboni mawe yakishasagwa na kuoshwa, mchanga unaobaki tunauita marudio. Bado una dhahabu kidogo, wenye mitambo ya dawa wanakuja kuununua kwa lori. Nilikuwa na lundo langu zuri. Shida ni kwamba lundo lile nilikuwa nimeshaliahidi. Masele aliyenikopesha dizeli ya laki tisa nilimwambia lundo hili ni lako, likiuzwa tu unachukua chako. Kijana mmoja mkopeshaji, laki saba, naye nikamwambia hivyo hivyo. Bi Zuhura aliyelisha wachimbaji wangu unga na maharage ya laki nne na nusu, naye nikamwonyesha lundo lile lile. Kila mmoja nilimwambia peke yake, kwa sauti ya chini, kama siri ya ndugu.

Lori lilipofika nikawakuta wote watatu wamekaa juu ya lundo, wanatafuna karanga. Bi Zuhura akatema ganda, akasema, "Karibu, Baba Limi. Bibi harusi wako huyu ana waume watatu, tunakusubiri mshenga utuambie nani analala ndani."

Watu walicheka mpaka dereva wa lori akazima gari ili asikie vizuri. Mnunuzi naye akaona pameharibika, akashusha bei: milioni moja na laki nane, hataki maneno. Nikauza. Sasa sikiliza ujinga wangu. Kila mdai nikampa laki nne, nikabakiwa na laki sita. Bi Zuhura akawa ananidai elfu hamsini. Hamsini tu, na mimi laki sita zinanichoma mfukoni. Sikumpa, kwa sababu nilitaka nifike nyumbani nimejaa.

Jioni ile nikachukua kausha damu, ile mikopo ya kurudisha kila wiki, milioni moja na laki nne. Nikafika Ngokolo na milioni mbili kamili, nikaimwaga mezani. Mama Limi alizihesabu mara mbili, akafunika uso kwa khanga. Sikumwambia zimetoka wapi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nilikuwa nimeuficha wangu ndani ya noti.

Kesho yake Mzee Shija akaja na shahidi wake. Tukaamkiana, uji ukaletwa, hela ziko kwenye sinia. Akatokea Bi Zuhura mlangoni. Hakuja kwa ubaya. Alikuwa mjini kufuata mchele kwa Mama Limi, kama kila mwezi. Akaona sinia, akaniangalia, akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee. Baba Limi, naona Mungu amefungua. Basi nipunguzie ile hamsini yangu, na Masele ameniambia nikikuona nikukumbushe ya dizeli."

Mama Limi akauliza dizeli gani. Yakatoka yote, moja baada ya jingine, mpaka kausha damu ya jana.

Mzee Shija alisukuma sinia polepole likarudi upande wangu.

"Hela hii ina wenyewe," alisema. "Nyumba hainunuliwi na mwenye hela, Baba Limi. Inanunuliwa na asiyedaiwa. Nikipokea hizi, wadai wako watakuja kulala sebuleni kwangu. Nenda ukalipe, uanze na huyu mama wa hamsini. Wataje wote mbele ya mkeo. Nakupa miezi sita, simuuzii mtu."

Ndiyo siku niliyoshangaa. Mahali ambapo watu wanakesha shimoni kutafuta hela, mtu anaisukuma kwa kidole.

Ningemsikia, leo ningekuwa nakuandikia na kelele za wajukuu. Sikumsikia. Niliona nimedhalilishwa mbele ya mke wangu, nikataka kurudi kwa kishindo. Zile milioni mbili nikazirudisha machimboni, nikalisha duara jipya, nikisema likitema dhahabu nalipa wote siku moja. Halikutema. Lilijaa maji wiki ya tatu. Kausha damu ikaniandama mpaka nikawa nazima simu mchana.

Miezi sita ikaisha, Mzee Shija akamuuzia mwalimu mmoja. Mama Limi akachukua milioni nne zake na watoto, akapanda basi kwenda kwa dada yake Chato. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Madeni ningeyabeba na wewe. Kilichonishinda ni kuwa wa mwisho kujua."

Nililipa. Ilinichukua miaka mitatu, na nilianza na Bi Zuhura, nikampelekea ile hamsini kwa mikono miwili. Baadaye nikainunua nyumba ile ile kwa mwalimu. Nikampigia Mama Limi, nikamwambia nyumba tayari, rudini. Akasema, "Nimeshajenga, Baba Limi. Vyumba viwili, ila sidaiwi." Akanisalimia vizuri, akakata. Kitasa cha mlango mkubwa nilikinunua na funguo tano. Nne bado zina plastiki yake.

Basi shika haya, mwanangu. Ukidaiwa, waandike wote kwenye karatasi moja, mwonyeshe mwenzio kabla hajaonyeshwa na mtu wa nje. Mali moja usimwahidi mtu wa pili. Deni dogo lilipe kwanza, ndilo lenye miguu ya kufika nyumbani kwako. Usilipe deni kwa deni, wala usihesabu hela iliyo ndani ya mwamba. Hela ya nyumba iwe na bahasha yake, na bahasha ya mkeo usiicheke.

Mungu akupe mlango wako, na watu wa kuufungua kutoka ndani ukibisha hodi. Wangu naufungua mwenyewe, napika sufuria ndogo, nalala. Nyumba ya milioni kumi na nne nilimlipa mwalimu milioni ishirini na sita, madeni na riba zake milioni tano, laki tano na elfu themanini, kitasa elfu sitini. Jumla shilingi milioni thelathini na moja, laki sita na elfu arobaini.