Waya Mnene wa Boti ya Mjomba

Juzi pale ufukweni Mwigobero nilinusa mpira ukiungua, nikakumbuka mchana ule mjomba alipobadilisha nyaya za betri kwenye boti yake kuukuu. Abiria walikuwa wameshakaa, na chini ya miguu yao maji meusi ya dagaa waliooza yalikuwa yakitoa mapovu. Ptuu!

Dukani nilikuwa nimemng'ang'ania shati: "Mjomba, chukua huo mnene!" Nilikuwaga nadhani unene ndiyo nguvu. Kumbe kinachobeba umeme ni shaba, siyo kitambi cha mpira.

Mjomba alipowasha injini, waya uliyeyuka ukadondokea kwenye maji yale ya dagaa, uvundo ukazidi. Fundi mmoja wa pale ufukweni akauchana, ndani akakuta vinyuzi vinne tu vya shaba.

"Bosi, umenunua mpira wa baiskeli!"

Abiria wakahamia boti ya jirani. Bibi wa mwisho alimtapikia mjomba kwenye viatu, akasema, "Pole, baba," halafu akashuka.