Kushuka Kinyumenyume

Nilikana kwa muda mrefu, lakini ni kweli: mjukuu wangu nilimchukua kwa ajili yangu mwenyewe. Binti yangu ana duka Lyamkena, Makambako, na kila mtu nilimwambia namsaidia. Ukweli ni kwamba nyumba yangu ya Njombe ilikuwa kimya mno, na chuo kikuu nilikosoma hawakunifundisha kuongea na masufuria.

Huko kwao, kwenye tambarare, mtoto alikuwa anakimbia. Njombe ni kilima juu ya kilima. Kila alipofika kwenye mteremko alikaa chini, akaunyooshea ukungu mikono, akingoja kubebwa. Mama yake alipokuja kututembelea akaliona hilo.

"Mama, hivi miguu yake mizima kweli? Akiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi, namrudisha."

Nikampeleka kituo cha kulelea watoto, chenye uwanja ulioinama kama paa. Asubuhi watoto walishuka wakamezwa na ukungu, vikabaki vicheko tu. Baadaye vichwa vikachomoza, vimejaa majani makavu. Mpaka leo sina hakika kama niliwaona au niliwaota.

Nilimshika wangu mkono. Mlezi, dada aliyevaa sweta mbili, akacheka.

"Bibi, kwa mtindo huo atakayejua kushuka ni wewe."

"Ataanguka."

"Ataanguka. Si kuna nyasi?"

Nikakaa juu ya tairi la kuchezea watoto, na heshima zangu zote. Mjukuu naye akakaa, akiwatazama wenzake wakiupa mteremko mgongo na kutambaa kinyumenyume, makalio mbele. Hivyo hivyo, asubuhi baada ya asubuhi. Kisha siku moja akageuka. Mguu mmoja ukapapasa nyuma polepole, kama mtu anayetafuta ndala gizani, na ukungu ukamchukua. Nikainuka. Mlezi akakohoa. Nikakaa. Halafu, kutoka chini kule, kikaja kicheko ninachokijua.

Nilipomsimulia binti yangu, hakusadiki. Akaja kumchukua, eti mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, lakini akabeba nguo zote. Nyumba ikarudia ukimya wake. Jumapili jioni simu ikaita.

"Mama, mmemfundisha nini huyu? Kapanda magunia ya viazi mpaka juu."

"Kaanguka?"

"Kageuka, katanguliza makalio, kashuka. Sasa anapanda tena. Wateja wanatazama tu, hawanunui."

Nikamsikia akimkemea ashuke, kisha akarudi kwenye simu.

"Kesho namleta. Huku hana pa kupanda ila magunia yangu."

"Haya," nikasema, "kama itakusaidia wewe."